Mkuu, usisubiri Mei: Machi ya Washington inatosha kutoka nje

Mkuu, umesema umehamia Maryland upande wa Washington, unatamani mpira na matembezi ya msituni, na unauliza kama ungoje Mei joto likolee. Usingoje. Miaka niliyokaa huku, Machi na mwanzo wa Aprili naupenda kuliko Julai. Julai ni jasho na mbu, kama Kigamboni iliyonyimwa bahari.

Machi miti haijatoa majani. Jua linafika hadi chini, na yapo maua ya msituni yanayoishi kwa wiki hizo chache tu: yanachanua na kutoa mbegu kabla kivuli hakijafunga. Kando ya mto Potomac, kuanzia mwisho wa Machi, tafuta Virginia bluebells, maua ya buluu yanayotanda kwenye mabonde ya mto. Kigogota naye humsikii tu akigonga, unamwona. Wengi hukimbilia miti ya cheri pale Tidal Basin, bwawa lililo katikati ya Washington, iliyotolewa zawadi na Tokyo mwaka 1912. Ni mizuri kweli, ila nenda alfajiri siku ya kazi, la sivyo utaangalia migongo ya watu.

Kwa kuanzia, shika njia ya mfereji wa C&O. Inatoka Georgetown, mtaa wa Washington, hadi mji wa Cumberland, karibu kilomita 297, na ni tambarare kwa kuwa zamani nyumbu (wale wa punda na farasi) walipita hapo wakivuta mashua. Tembea kipande unachokiweza, geuza. Sehemu kubwa ya barabara ya Beach Drive ya juu, ndani ya hifadhi ya Rock Creek, haipitishi magari. Ni pazuri kwa kukimbia na baiskeli. Njia ya miguu ya Billy Goat, kipande A, subiri mawe yakauke, maana kuna mahali unapanda kwa mikono. Maji ya Potomac usiyaingie hata jua liwake vipi: ni baridi kali, mkondo unaua, na pale kwenye maporomoko ya Great Falls kuogelea ni marufuku.

Mpira sasa. Viwanja vya nyasi hufungwa mara nyingi baada ya mvua, maana daluga zinaing'oa nyasi ikiwa imelowa. Tafuteni nyasi bandia. Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele, kwa hiyo jua linazama baada ya saa moja jioni na mkitoka kazini mnawahi mechi. Pasha misuli kwelikweli. Nyama za paja hazina urafiki na baridi.

Koti moja zito halikusaidii. Vaa tabaka tabaka, uvue kadiri joto linavyopanda, na fulana ya pamba iache nyumbani: ikilowa jasho inakugandisha.

Kupe je? Wapo, hata siku za baridi ikiwa halijoto imevuka sifuri. Chomeka suruali ndani ya soksi, pita katikati ya njia, ukirudi jikague kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimkuta ameng'ang'ania, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja. Mambo ya kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta achana nayo. Ukiona wekundu unaotanuka siku au wiki kadhaa baadaye, nenda kwa daktari na umwambie uliumwa na kupe, maana Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe, huku ipo na inatibika kwa dawa ikiwahiwa.