Usilinganishe maharagi makavu na lengalenga iliyopikwa

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Muuguzi akamwambia damu yake ni kidogo, akampa vidonge vya madini ya chuma na kumwagiza ale maharagi na majani. Alipofika nyumbani akaniuliza mimi mkubwa wake: "Yaya, maharagi, sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), kipi kinaongeza damu zaidi?" Kazi yangu ni mahesabu, kwa hiyo nikafungua Excel.

Jibu la kwanza nililompa lilikuwa la makosa. Niliandika maharagi yana miligramu 8.2 za chuma katika gramu 100, lengalenga 2.3, nikamwambia pesa yote aipeleke kwenye maharagi. Siku chache baadaye, niliporudia kusoma jedwali nililonakili, nikaona neno moja nililoliruka: makavu. Ile 8.2 ni ya maharagi kama yanavyokaa guniani katika soko linaloitwa Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, Kongo. Ile 2.3 ni ya lengalenga iliyokwisha kupikwa. Maharagi yakichemka hunywa maji na uzito huzidi maradufu, kwa hiyo chuma kilekile hutawanyika katika chakula kingi zaidi. Gramu 100 za maharagi yaliyoiva zinabaki na miligramu 2 hadi 3 tu, na protini hushuka kutoka karibu gramu 24 hadi 9. Lengalenga ikawa imelingana nayo kwa chuma, na juu yake ina kalisi zaidi ya miligramu 200, pamoja na vitamini C.

Kwa hiyo ukianza jedwali lako, baada ya jina la chakula weka safu ya hali: kavu, bichi, au kilichopikwa. Usiingize namba yoyote kabla ya kuijaza hiyo. Mimi huchukua namba kwenye majedwali ya vyakula ya Tanzania ya 2008 na ya nchi ya Kenya ya 2018, kwa sababu vyakula vyao vinafanana na vyetu.

Safu ya pili ninayoisisitiza ni uzito wa sahani. Hakuna anayekula gramu 100 kwa sababu kitabu kimesema. Nilimpakulia mdogo wangu kama kawaida, bukari (ugali) pembeni, nikapima mboga peke yake kwenye mizani. Maharagi yalifika gramu 200. Fungu zima la lengalenga, lile linalojaza mikono miwili, likiiva huwa kitu kidogo mno sufuriani. Zidisha namba ya jedwali kwa uzito huo, gawanya kwa 100. Hapo tukaona kwamba sahani nzuri ya maharagi inampa kama miligramu 5, na mjamzito anashauriwa kupata karibu 27 kwa siku. Ndiyo maana sikumruhusu aache vidonge.

Kama kompyuta yako iko kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi huku, angalia nukta. Ukiandika 2.3 badala ya 2,3, Excel huichukua kama maneno, huisogeza upande wa kushoto wa kisanduku, na SOMME, ile kanuni ya kujumlisha, huipita kimya. Jumla yangu ya kwanza ilikosa vyakula vitatu namna hiyo.

Kuna mambo ambayo safu hazionyeshi. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga husaidia, chai pamoja na chakula huzuia. Mdogo wangu alihamisha chai yake hadi saa kumi. Na safu ya vitamini B12 ilisomeka sifuri kuanzia maharagi hadi karanga, kwa hiyo tukarudisha ndakala (dagaa) na mayai. Asiyekula kabisa vitu vya wanyama atahitaji kidonge cha B12.

Mwisho, namba usiyoipata usiiandike sifuri. Acha wazi. Sombe niliiwekea sifuri kwenye zinki kwa sababu tu sikuona namba yake, ikaonekana chakula duni, nayo si duni hata kidogo ikitwangwa na kuchemshwa vizuri hadi sumu yake iishe.

Mtoto amezaliwa, mama yake anataka sasa niongeze kikanda, kile chakula cha viazi vya okidi za pori na karanga. Nimeandika jina na uzito wa kipande. Visanduku vingine vya mstari huo bado viko wazi.