Vipindi vya "watu wa misaada" vinaonyesha ukweli?

Mkuu, umeuliza kama vipindi vya televisheni vya Uingereza kuhusu watu wanaoishi kwa fedha za serikali vinaonyesha hali halisi. Picha zenyewe kwa kawaida si za kubuni. Kazi yote iko kwenye mkasi.

Chukua Benefits Street ya Channel 4, Januari 2014, iliyorekodiwa mtaa mmoja wa Birmingham. Kamera zilikaa pale miezi mingi, mtazamaji akapewa saa chache tu. Kwenye uhariri wa namna hii, anayetoka alfajiri kwenda kazini hana mvuto, anakatwa. Anabaki aliyekaa kwenye sofa mchana, sigara mkononi, runinga kubwa nyuma yake. Sikiliza na msimulizi: kiasi anachopokea mtu hutajwa upesi, kodi ya nyumba inayokimeza husahaulika. (Muziki wa kuchekesha ndio humaliza kazi.)

Matokeo? Kura ya maoni ya TUC (shirikisho la vyama vya wafanyakazi Uingereza), 2012: kwa wastani watu walidhani 41% ya bajeti ya ustawi huenda kwa wasio na ajira. Ukweli ulikuwa 3%. Fungu kubwa kuliko yote ni pensheni ya wazee, na hakuna anayetengeneza kipindi cha kuwasimanga wastaafu. Hata kwenye Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi, takriban theluthi ya wanaopokea wana kazi, ila mshahara hautoshi.

Ukitazama tena, hesabu ni wangapi wanamaliza sentensi zao bila kukatwa.