Zepelini L 59 kuja Makonde, 1917: mafuta yalitosha, shida ilikuwa uzito

Mkuu mwenye uzi kauliza mawili: je, zepelini (chombo kikubwa cha angani kinachobebwa na gesi nyepesi) L 59 ya Wajerumani iliyotumwa Novemba 1917 kumpelekea silaha Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, ingefika kweli uwanda wa Makonde? Na kwa nini joto la jangwani liliitesa, wakati sote tunajua joto hupandisha puto? Tuanze na uzito, maana kila uamuzi ndani ya chombo kile ulitoka hapo.

L 59 ilikuwa na mita za ujazo 68,500 za haidrojeni. Kwa hali ya kawaida ya hewa, kila mita moja ya ujazo hubeba kama kilo 1.16, kwa hiyo jumla ni tani 79 na ushee. Chombo kitupu, yaani fremu ya duralumini (aloi nyepesi ya alumini), injini, mifuko ya gesi na kitambaa cha nje, kilikula tani 27 na kitu. Zinabaki kama tani 52. Petroli ilichukua tani 21.8, oili tani 1.5, maji ya farumi (uzito wa kumwagwa chombo kikizidi kuwa kizito) kama tani 9, shehena kama tani 15. Kilichobaki ni watu 22, chakula chao, maji ya kunywa na vipuri. Kwenye shehena kulikuwa na risasi zaidi ya laki tatu, bunduki za rashasha 30 na magunia 61 ya dawa na bandeji.

Uwezo huo haukutokana na injini kubwa zaidi. Walichukua muundo wa kivita uliokuwepo wa mita 196.5, wakauongezea mita 30 katikati na kuweka mifuko miwili zaidi, ikawa 16. Ni njia ya busara: unaongeza gesi nyingi kwa uzito mdogo wa fremu, bila kuchora upya pua wala mkia. Gharama yake ni kwamba mwili mrefu hupindika zaidi kwenye upepo wa misukosuko na huchelewa kutii usukani, na injini ni zilezile tano za Maybach, farasi 240 kila moja. Ndugu yake L 57, aliyerefushwa vilevile kwa safari hiihii, aliharibiwa na upepo kabla hata ya kuondoka Ujerumani.

Mifuko ya gesi ilikuwa kitambaa cha pamba kilichobandikwa utando wa nje wa utumbo mpana wa ng'ombe. Ng'ombe mmoja hutoa kipande kimoja tu, kifupi na chembamba, hivyo mfuko mmoja ulikula utando wa maelfu ya ng'ombe. Kitambaa cha mpira kingekuwa rahisi kutengeneza, lakini ni kizito, na kikichanika kinaweza kutoa cheche za umeme tuli. Karibu na haidrojeni, cheche moja inatosha.

Sasa joto. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Hewa ya nje ikipata joto inakuwa nyepesi, na chombo kinapoteza uwezo wa kubeba: kila nyuzi 3 za Selsiasi ni takriban asilimia 1. Kwa L 59 hiyo ni kama kilo 800, na nyuzi 10 ni karibu tani 2.7. Gesi ya ndani ikipata joto kuliko hewa iliyoizunguka, hapo ndipo chombo kinapanda. Lakini mfuko ukishajaa, gesi inayotanuka inafungua vali na kutoka nje, na ikishatoka hairudi. Mchana juu ya Jangwa la Libya jua lilichoma kitambaa, mchanga ukarusha hewa ya moto juu, chombo kikayumba na gesi ikapotea. Usiku gesi iliyobaki ikapoa na kusinyaa, na chombo kikawa kizito. Unainua pua ili injini zikubebe kama ndege. Isipotosha, unamwaga farumi. Walimwaga, na baadhi ya risasi zikatupwa pia. Petroli inayoungua hupunguza uzito na kukusaidia usiku, ila mchana huo wepesi ndio unaokupandisha mpaka vali zifunguke. Nahodha, Bockholt, alikuwa anacheza bao na jua.

Kuhusu injini: juu ya Misri, nyumba ya giaboksi ya injini ya mbele ilipasuka. Injini hiyo ndiyo iliyozungusha jenereta ya redio, kwa hiyo kuanzia hapo waliweza kupokea ujumbe lakini si kutuma. Kuning'iniza kazi mbili muhimu kwenye mashine moja ni kosa la usanifu, hata kama uzito ndio uliowalazimisha.

Je, ingefika? Kwa mafuta, ndiyo. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba, ikageuka saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 23 magharibi ya Khartoum, baada ya saa 42 hivi, na kurudi Jamboli tarehe 25: saa 95, kilomita 6,757. Ilitua ikiwa na mafuta ya saa 64 zaidi. Kutoka pale ilipogeukia hadi Newala ni kilomita 3,200 hivi, na kwa mwendo wake wa wastani wa kilomita 71 kwa saa ni kama saa 45. Iligeuzwa na amri ya redio kutoka Ujerumani, kwamba adui ameshika sehemu kubwa ya Makonde, Kitangari ikiwemo. Tarehe hiyohiyo 25, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma pale Ngomano.

Ninachotilia shaka mimi ni kutua. Zepelini ya ukubwa huu hupokelewa na mamia ya watu waliofunzwa kushika kamba, na Makonde kuna vichaka vizito na upepo, bila banda wala haidrojeni ya kujaza upya. Ndiyo maana ilipangwa kuvunjwa ikishafika: kitambaa cha nje kiwe mahema, pamba ya mifuko iwe bandeji, duralumini iwe mlingoti wa redio, injini izungushe dainamo, na ngozi ya njia ya kupitia ndani ishonwe viatu.