Mafuta ya chatu na unga wa mizizi: vinatuliza maumivu kweli?

SWALI: Habari daktari, mama yangu ana miaka 63, magoti yanamsumbua muda mrefu. Anapaka mafuta ya chatu na anakunywa unga wa mizizi aliouziwa, anasema siku ya pili tu alikuwa anatembea bila shida. Hizi dawa za wanyama na mitishamba zinatuliza maumivu kweli au ni imani tu? Na anaweza kuchanganya na diklofenaki aliyoandikiwa hospitali?

JIBU: Nzuri ndugu, na pole kwa mama. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo nijibu upande wa dawa.

Sio imani tu. Mofini, ile dawa ya maumivu makali, mpaka leo inatoka kwenye afyuni, yaani utomvu wa mmea wa popi, karafuu ina yujenoli inayotia ganzi jino, na pilipili ina kapsaisini ambayo ukiipaka mara kwa mara ile mishipa ya fahamu ya kwenye ngozi inachoka kupeleka taarifa ya maumivu, ndio maana kuna krimu zake za magoti. Wanyama nao wamo, kuna konokono wa baharini anaitwa Conus magus, sumu yake ndio iliyoleta zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Ila hiyo inatengenezwa maabara na inaingizwa kwa pampu kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote na hupati kitu. Kwa hiyo mnyama kuwa na dawa ni jambo moja, dawa kufika panapouma ni jambo lingine.

Mafuta ya chatu ni mafuta tu. Nafuu anayopata mama mara nyingi ni ule mkono unaokanda goti, maana kukanda kwenyewe kunapunguza maumivu, na kama mafuta yanapoza au yanachoma basi inawezekana yamewekwa mentholi au kafuri. Kama ngozi haiwashi aendelee tu, sina tatizo nayo.

Kinachonitia wasiwasi ni huo unga. Goti la muda mrefu halitulii siku ya pili kwa mzizi wa kawaida, na unga usio na lebo unaofanya kazi haraka hivyo mara nyingine unakutwa umechanganywa na dawa za steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni, au hiyo hiyo diklofenaki, na mnywaji hajui. Muangalie mama vizuri: uso umeanza kuvimba na kuwa wa mviringo? hamu ya kula imeongezeka ghafla? sukari au presha imepanda? Ukiona hivyo na ameunywa kwa wiki kadhaa ASIUACHE ghafla mwenyewe, maana mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake na akikatisha anaweza kuishiwa nguvu na kuanguka, mpeleke hospitali na mfuko wa unga mkononi wamshushie dozi taratibu.

Diklofenaki na huo unga asichanganye kabisa. Kama ndani kuna dawa ya jamii hiyo anakuwa anameza dozi mbili, kama kuna steroidi ndio hatari ya vidonda vya tumbo inapanda zaidi, na umri wake figo nazo zinaumia. Mwambie daktari aliyemuandikia kila anachokunywa, hata kama mama anaona aibu msemee wewe. Akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.