Unayeanza kusoma matunda, anza na mkorosho

Lebo yangu ya kwanza ya sampuli ya mimea niliikosea. Sampuli ilikuwa ya mkorosho, shamba moja upande wa Newala, kusini mwa Tanzania, nami nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Tunda jekundu, mbegu iko nje." Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi akaisoma, akaniuliza, "Hiyo mbegu imefukuzwa na nani?" Nikacheka, kumbe ninachekwa mimi.

Tunda ni ovari ya ua iliyokomaa, yaani ile sehemu ya ua inayotunza mbegu changa. Kwenye mkorosho, ovari ndiyo inayokuwa lile ganda la kijivu lenye umbo la figo, na mbegu ni kile kiini cheupe tunachokaanga. Bibo, lile jekundu nililoliita tunda, ni kikonyo kilichovimba, basi. Mtoto wa Tandahimba anayenyonya bibo hadi shati linaingia madoa anakula kikonyo.

Usilikariri hilo, kalitazame. Mwezi wa saba au wa nane, maua yakianza, chagua kishada kimoja, kifunge uzi, ukirudie kila baada ya siku mbili tatu. Maua mengi yatapukutika, kwa kuwa ni ya kiume tu. Usidhani umeua mti wa watu. Yale machache yenye ovari yakishika, utaona korosho inatangulia. Inakua, kijani kibichi, mpaka inafikia ukubwa wake wote, na kikonyo bado chembamba kama njiti. Halafu wiki za mwisho kikonyo kinafumuka ghafla, huku korosho yenyewe ikinywea kidogo na kukauka. Ningeliona hilo mapema, nisingeaibika Newala.

Ukishaliona, swali la mageuko ya viumbe linakujia lenyewe: kwa nini kikonyo kifanye kazi ya nyama ya tunda? Mimi jibu nililipata kwa midomo, siku nilipobangua korosho mbichi kwa meno. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi; ndiyo maana wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta kwanza. Tunda limejaa sumu ya kulinda mbegu, kwa hiyo chambo cha mlaji kimehamia kwenye kikonyo. Popo hubeba bibo, akalila kwenye mti mwingine, na korosho akaidondosha nzima.

Sasa nenda kwa nduguye, mwembe. Huku kikonyo hakijavimba hata kidogo: ovari yenyewe imetoa ngozi, nyama na kokwa, mbegu ikafichwa ndani ya kokwa. Lakini chuma embe bichi, uone utomvu wa kikonyoni unavyowasha. Ukoo haujifichi. Mng'ongo nao una kokwa gumu lenye vyumba viwili hadi vinne, kila chumba na kifuniko chake kinachosukumwa mche unapochipua. Ukitaka kuona vifuniko hivyo usipige nyundo, utabaki na unga. Otesha kokwa, usubiri. Amerika Kusini wako wengine wa jamii hiyohiyo ambao tunda lao lina ubawa na husafiri kwa upepo. Jamii yote ina spishi kama 800, na matunda yote hayo huanzia kwenye ovari.

Kosa la pili la wageni wa kazi hii ni kupanga matunda kwa macho: la kawaida likawa la kale, la ajabu likawa la juzi. Mkorosho wa hapa kwetu ni mgeni kweli, uliletwa na Wareno kutoka Brazili karne ya 16. Ila huko Messel, Ujerumani, yamechimbwa mabaki ya korosho yenye kikonyo kilichovimba, ya miaka kama milioni 47 iliyopita. Na misitu ya Afrika Magharibi na Kati ina nduguye wa karibu, Fegimanra, mwenye kikonyo cha namna hiyohiyo. Bibo si mtindo mpya.

Mengine ni ya mikono. Bibo halikauki kwenye magazeti tunamokaushia mimea, linaoza na kuchafua sampuli zote. Lipige picha likiwa mtini, kisha litie kwenye spiriti. Ovari changa ikate kwa wembe mpya, na usijifute macho.

Na msimu wa kuokota ukifika, usiinamie korosho iliyoanguka kabla hujaongea na mwenye shamba. Kwako ni sampuli, kwake ni ada ya shule.