Kabla Samaki Hajaenda Motoni
Maswali na majibu ya wasomaji: kula vya baharini ukiwa safarini pwani

Likizo ya katikati ya mwaka imekaribia, na barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wa bara wanaoshuka pwani. Tumechagua sita. Tunawasihi wasafiri wetu jambo moja: kaulizeni kilichoingia leo kabla ya kufungua menyu.

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni familia ya watu watano, tunakwenda Unguja mwezi wa Julai. Mara ya mwisho tulikaa mgahawa wa ufukweni, tukaagiza samaki mzima na kamba bila kuuliza, bili ikatushtua. Tutakulaje vizuri bila kuumia? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Shida ilianzia kwenye kuagiza. Samaki mzima na kamba kochi huuzwa kwa uzito, na mteja asiyeuliza hupimiwa jikoni, samaki akiwa tayari amechanjwa na kupakwa viungo. Hapo hakuna tena cha kujadili. Safari hii fuateni mpangilio huu: ombeni kuoneshwa samaki wenyewe, chagueni, wapimwe mbele yenu, bei ya jumla isemwe, ndipo mkubali. Ulizeni mambo matatu kwa wakati mmoja: uzito ni kabla au baada ya kutolewa matumbo na magamba, bei ina wali au chipsi na kachumbari, na kodi imo au itaongezwa mwishoni. Matumbo na magamba peke yake hula kama gramu 100 hadi 150 katika kila kilo.

Kuhusu kiasi, samaki mzima wa kilo moja hubakisha karibu nusu kilo ya nyama, kilichobaki ni kichwa, miba na mapezi. Kwa mtu mzima anayekula na wali wa nazi, gramu 350 hadi 400 za samaki mzima zinatosha. Familia yenu, kama wamo watoto, itashiba kwa kilo 2 hivi. Samaki mmoja mkubwa, tuseme chewa au kolekole, hugawanyika vizuri kuliko watano wadogo, lakini changu na tasi wadogo huwa nafuu zaidi kwa kilo. Kamba kochi ni wa kuonja. Nyama yake karibu yote iko mkiani, na mkia ni kama theluthi tu ya uzito mliolipia.

Mahali nako kuna uzito wake. Meza iliyo mchangani usiku ina bei yake, na samaki yuleyule mchana, kwenye mgahawa wanakokula madereva na wafanyakazi wa soko, hushuka sana. Mjini Unguja tafuteni migahawa ya mitaa ya karibu na Darajani na Malindi kati ya saa sita na saa nane mchana. Kula mapema, maana sufuria ya mchuzi wa samaki ikiisha ndiyo imekwisha. Ijumaa mingi hufungwa wakati wa sala, na mwezi wa Ramadhani migahawa hufungwa mchana hadi futari. Mkiwa Jambiani, Paje au Kizimkazi, msiende jioni mkiwa na njaa mkitegemea kukuta chakula. Piteni asubuhi, mwambieni mpishi mko wangapi na mna kiasi gani cha fedha, mwacheni anunue kwa wavuvi. Mpishi anayejua idadi ya watu hanunui cha kulaza kwenye friza, kwa hiyo hata bei yake hulegea.

Forodhani, bustani ya vyakula vya jioni mjini Unguja, nendeni, ni pazuri, ila mishikaki iliyopangwa mezani mara nyingi imeshapikwa na hupashwa moto tu. Fikeni mara baada ya Magharibi na mchague kinachochomwa mbele yenu kuanzia kibichi.

SWALI: Mimi ni mtu wa ziwani, sato na sangara nawajua kwa kuwatazama tu. Wa baharini wananichanganya, hasa wakishapakwa masala. Nitamjuaje wa leo? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ujuzi wako wa sato unakufaa kwa nusu ya kazi: matamvua mekundu ya kung'aa, nyama inayorudi ukiibonyeza, harufu ya bahari safi bila ukali. Macho yasikutawale. Samaki aliyelala kwenye barafu macho hufifia hata kama ni wa asubuhi hiyo, na samaki wa kina kirefu huja macho yametokeza. Funua matamvua. Yakiwa ya kahawia au ya kijivu yenye ute mzito, mwache. Kwa vibua na dagaa tazama tumbo, kwani ndilo linaloharibika kwanza: tumbo laini au lililopasuka maana yake samaki amekaa na joto.

Manjano na pilipili huficha rangi, ukwaju na kitunguu saumu huficha harufu. Ukikuta vipande vimeshapakwa, omba kuona kipande ambacho hakijapakwa, au kichwa cha samaki huyohuyo. Kipande cha nguru kinasema mengi ukikitazama katikati: damu iliyo kando ya uti wa mgongo iwe nyekundu, na nyama iwe imeshikana na mfupa. Damu ikiwa ya kahawia na nyama imeanza kuachana na mfupa kabla ya kupikwa, huyo ni wa juzi. Mpishi mwenye samaki wazuri hufungua deli lake bila kinyongo.

Ngisi wa leo ana ngozi yenye madoadoa ya kahawia na zambarau, na nyama inayopitisha mwanga kidogo. Baadaye huwa mweupe mzito, kisha huanza kuwa wa waridi, na wa waridi usimnunue. Kamba tazama kichwani: kikianza kuwa cheusi, au kikining'inia kana kwamba kitadondoka, ameshakaa. Kaa anunuliwe akiwa hai tu, tena mzito mkononi. Kaa mkubwa aliye mwepesi ametoka kujivua gamba, ndani utakuta maji mengi na nyama kidogo. Kamba kochi akishapikwa, kunjua mkia wake: ukirudi kujikunja kwa nguvu, aliingia sufuriani akiwa hai.

SWALI: Nitashuka Mombasa kwa treni kisha niende Diani na Watamu. Wenzangu wanasema pweza ana siku zake. Ni kweli au ni maneno ya wachuuzi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ni kweli kabisa, na siku zenyewe unaweza kuzihesabu ukiwa Nairobi. Pweza wengi wa pwani yetu hutafutwa kwa miguu, wake kwa waume wakiwa na vijiti na mikuki juu ya miamba, maji yanapokupwa sana. Hilo hutokea wakati wa bamvua, siku chache kuanzia mwezi mwandamo na tena kuanzia mwezi mpevu. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu, tazama kama tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18. Siku za bamvua maji hukupwa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo pweza hufika kijijini kuanzia adhuhuri. Agiza wa chakula cha jioni, maana yule wa saa tano asubuhi aliyekwisha kuchomwa ni wa jana. Kati ya bamvua mbili ni maji mafu. Miamba haifunuki vizuri, pweza hupungua, na bei hupanda au mgahawa hutoa wa friza. Wa friza si mbaya, ila asiuzwe kwa bei ya mbichi.

Dagaa na vibua wana hesabu nyingine. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Usiku wa giza, mwisho na mwanzo wa mwezi, ndipo wanapojaa na kuwa rahisi. Mwezi ukiwa mpevu boti nyingi za taa hupumzika.

Kisha kuna pepo. Kusi likivuma, kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo havitoki mbali. Nguru na jodari huadimika, wavuvi hubaki ndani ya miamba na kuleta changu, tasi na pono. Kula hao. Anayekuuzia jodari "wa leo" katikati ya Julai baada ya siku tatu za upepo mkali, muulize ameshuka na chombo gani. Kaskazi, kama Novemba hadi Machi, ndiyo majira ya samaki wakubwa.

Ukifika Watamu, pita Dabaso kwenye Mida Creek. Kikundi cha jamii kina mgahawa juu ya mikoko, na sambusa zao za kaa zinajulikana.

SWALI: Nilikula jodari wa kuchoma, baada ya robo saa uso ukawa mwekundu, mwili ukawasha, moyo ukaenda mbio. Nimeambiwa nina mzio wa samaki, nisile tena. Lakini changu nala kila wiki bila shida. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole sana. Maelezo yako yanafanana mno na sumu ya histamini, ambayo ni tofauti na mzio. Jodari, sehewa, nguru na vibua wana asidi ya amino iitwayo histidini kwa wingi. Samaki hao wakikaa bila barafu, bakteria huigeuza kuwa histamini, na hapo moto hausaidii: kuchoma, kukaanga wala kuchemsha hakuiondoi. Samaki anaweza kuonekana mzuri na asinuke. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili, na kwa kawaida huisha siku hiyohiyo. Wakati mwingine ulimi huhisi ukali kama wa pilipili mahali ambapo hakuna pilipili. Ukihisi hivyo, tema na usimalize sahani.

Changu si wa kundi hilo, ndiyo maana hakudhuru. Hata hivyo mwone daktari umweleze ni samaki gani na muda gani ulipita, kwa kuwa yeye ndiye wa kuthibitisha. Anayeishiwa pumzi, kuvimba ulimi au kuzirai apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri. Mgahawani, agiza jodari pale tu unapoona barafu ya kutosha: kwa joto la pwani kilo moja ya samaki inahitaji karibu kilo moja ya barafu. Jodari aliyewekwa juu ya meza akipepewa nzi tangu asubuhi, mpite.

SWALI: Kwa nini pweza wa mgahawani mara nyingine ni kama raba? Na je, nikipewa nyama ya kasa kijijini nile? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pweza huwa mgumu akienda jikoni moja kwa moja. Lazima kwanza apigwe au agandishwe, kisha achemshwe kwa moto mdogo, wa kilo moja dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye kwenye shina la mkono. Ndipo achomwe au aingie kwenye tui. Anapungua karibu nusu, ndiyo sababu sahani yake inaonekana ndogo kwa bei yake. Ngisi ni kinyume: dakika mbili tatu kwenye mafuta moto, au zaidi ya nusu saa kwenye mchuzi. Katikati ya hapo ndipo anapokuwa raba. Na pweza wa chini ya nusu kilo mkatae, kanuni za uvuvi za Tanzania haziruhusu kumvua.

Kasa usile hata kipande, hata kwa heshima ya mwenyeji. Ni kosa kisheria, na nyama yake huweza kubeba sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kuila. Bunju, samaki anayejivimbisha akishtuliwa, naye ni sumu, mwache alipo.

SWALI: Nitakuwa na saa nne tu Dar es Salaam kabla ya boti ya Unguja. Naweza kula samaki Feri? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Unaweza, soko haliko mbali na bandari ya boti. Kata tiketi kwanza na mizigo usitembee nayo sokoni. Fika asubuhi, mnada wa jumla ukipungua, wachuuzi wakianza kuuza kwa fungu na utungo. Kwa mtu mmoja chukua changu mmoja au vibua wawili. Mpe mparaji aondoe magamba na matumbo, mkubaliane bei kabla ya kisu. Osha kwa maji safi ya bomba. Peleka kwa wakaangaji, walio na makarai makubwa palepale sokoni, nao wanatoza kwa kukaanga tu. Tazama mafuta: yakiwa meusi na yanatoa povu, nenda karai la pili. Samaki achanjwe mistari miwili mitatu kila upande hadi karibu na mfupa, la sivyo nje ataungua na ndani atabaki na damu. Ugali au wali na ndimu utapata kwa mama lishe wa jirani. Usimkabidhi mtu samaki ukaondoka, subiri naye hadi atoke karaini, kwa sababu pale samaki wa watu kumi hukaangwa pamoja na wote hufanana wakishaiva.