Barua kwa mwanangu: usikimbilie kubadilisha kozi

Mwanangu, mama yangu,

Voisi yako ya jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Unauliza, baba, niko mwaka wa pili Makerere nasoma Historia na Literacha, kila mtu ananiambia Arts haina kazi, nibadilishe ama nimalize tu? Nimeona nikuandikie maana kwa simu mtandao unakatakata.

Maneno hayo hayakutoka hewani, najua. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii kwenye shule za serikali Uganda mshahara ni shilingi milioni nne za Uganda kwa mwezi, wa Arts hafiki hata nusu. Inauma. Lakini Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza hapo hapo Makerere akamaliza 1962, akawa mhariri wa magazeti, balozi, waziri, mpaka rais wa Tanzania, na hakuna hata moja ya hizo iliyokuwa imeandikwa kwenye cheti chake.

Mimi nilipofika hapa Malaba mpakani kuklia mizigo, yaani kuipitisha forodhani, sikuwa najua kitu. Kulikuwa na mzee mmoja ofisini, kila asubuhi ananiwekea invoisi na pakingi listi mezani ananiuliza, hizi karatasi mbili zinasema kitu kimoja? Siku moja invoisi ilisema mabati 400, pakingi listi 380, mimi nimeshapiga muhuri. Hakunigombeza. Alichukua kalamu nyekundu akaizungushia ile 380 polepole, akaniachia karatasi pale mbele yangu mpaka jioni. Yule mzee hakuwa na kazi ya kunipa, ila kila lori ninaloklia mpaka leo nalisoma kwa macho yake.

Sasa wewe Historia unasoma nini kama si hicho? Barua ya gavana inasema hivi, wazee wa kijiji wanasema vile, nani aliandika, lini, alikuwa anatafuta nini. Hiyo ni kazi mwanangu, watu wanalipwa kwa hiyo, kwenye magazeti, mahakamani, kwenye mashirika, huku bodaa pia. Unachokosa ni mtu wa kukuzungushia kalamu nyekundu.

Kwa hiyo usisubiri mwaka wa tatu ndio ukumbuke ofisi ya ushauri wa kazi, hapo wote mtakuwa foleni. Chukua ile esei uliyopata alama mbaya, umpelekee lekchara aliyeisahihisha, muulize yeye angeiandikaje. Usianze na habari ya kazi, mtu ukimwomba kazi siku ya kwanza anakukwepa. Muulize pia waliomaliza miaka mitatu minne nyuma wako wapi, umtafute mmoja, umwulize alianzaje na mshahara wa kwanza ulikuwa ngapi, hao ndio wanakumbuka njia vizuri kuliko sisi wazee. Likizo ikifika uombe barua ya intanshipu mapema. Na Kiswahili chako usikiache, wenzako wengi hapo hawana.

Ukishafanya hivyo na bado moyo unataka kubadilisha, tutakaa na mama yako tuongee, sitakulazimisha.

Nimekutumia elfu hamsini kwa simu, ya transpoti na kuprinti. Hiyo esei nitumie na mimi, nitaisoma jioni nikifunga ofisi.

Baba yako, Malaba